Kamba ya Mtamba na Hela ya Usajili

Kaduri Mgonja aliingia kikaoni na kamba begani.

Ilikuwa kamba mpya ya katani, nene ya kumtosha ng'ombe mwenye kiburi. Aliinunua Tunduma, alikokwenda kutafuta gia boksi ya pikapu yake. Gia boksi hakuipata, ila kamba aliipata, na njia nzima ya kurudi Upareni aliipakata mapajani kama bibi harusi aliyepakata cheti cha ndoa. Alipofika Mrindoni akaambiwa watu wote wako kwa dada yake, wana kikao. Kikao kingine kingekuwa cha nini kama si cha yule mtamba, ng'ombe jike wa Mbwambo ambaye bado hajazaa?

Akakuta baraza limejaa, mvua inapiga bati, kila mtu amekunja uso. Hakusubiri hata kuvua kofia. Alisimama katikati, akaizungusha kamba hewani, akatoa sauti ile aliyoizoea kwenye foleni za malori kule Kasumbalesa:

"Ndugu zangu, msijisumbue kujadili! Nimekubali. Mtamba namchukua mimi. Bibi Foibe na Eliamini nitawapa maziwa ya kwanza, sina kinyongo na mtu. Haya, yuko wapi nimfunge?"

Hakuna aliyecheka. Kaduri amezoea kuchekwa. Amechekwa katika nchi saba na kwa lugha ambazo mwenyewe hazijui. Kimya hakukizoea. Akatazama huku na huku, kamba bado iko juu. Dada yake amejiziba mdomo kwa khanga. Mpwa wake Nakijwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, begi miguuni. Na mwenyekiti wa kitongoji, Mama Kisaka, mwanamke asiyepoteza maneno hata akiwa msibani, ameshika barua.

"Kaa, Kaduri," Mama Kisaka alisema. "Kamba tutaihitaji. Ila ujue kwanza unafunga nini."

Ndipo alipoambiwa kwamba kikao si cha mtamba. Ni cha deni. Akakaa polepole, akaisukuma kamba chini ya benchi kwa kisigino, na ile kamba, kwa kuwa ilikuwa mpya na ngumu, ikajikunjua na kutokeza upande wa pili, miguuni pa mwenyekiti.

Wewe unayesikiliza, mcheke tu, ila usimcheke sana. Utatakiwa kuamua jambo hapa, na huwezi kuamua bila kuwajua watu wanne na kile ambacho kila mmoja alijaliwa.

Wa kwanza ni Bibi Foibe, mkunga. Yeye alijaliwa mikono. Akiweka kiganja juu ya tumbo la mjamzito, anakwambia mtoto ametazama wapi, amekaaje, na akiwa na furaha siku hiyo anakwambia hata kama atakuwa mbishi. Nusu ya watu wa Mrindoni waliguswa na mikono yake kabla ya kuguswa na kitu kingine chochote duniani, akiwemo mwenyekiti. Kwa hiyo hakuna anayembishia, na yeye mwenyewe, kabla ya siku nitakayoisimulia, alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu kwamba kuna jambo la uzazi limemshinda. Heshima yake ndiyo shamba lake. Anakula kutokana nayo.

Wa pili ni Eliamini, mpiga pembe. Yeye alijaliwa pumzi. Kwetu kuna msaragambo, ile kazi ya wote: kuchimba mfereji, kutengeneza barabara, kumjengea mjane. Pembe inapigwa jioni, kesho yake kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyekuja anatozwa faini. Eliamini akiipuliza pembe yake kwenye lile jiwe la juu, wanaisikia hadi watu wa ng'ambo ya bonde ambao haiwahusu. Lakini pembe ina sheria. Haipigwi mchana, na haipigwi bila ruhusa ya kamati. Mpigaji akijipigia tu, anatoa mbuzi.

Wa tatu ni huyu Kaduri wetu wa kamba. Yeye alijaliwa kurudi nyuma. Aliendesha malori Lubumbashi, Kapiri Mposhi, Bujumbura, akarudi nyumbani na hadithi nyingi, tumbo kubwa, na pikapu moja ambayo gia namba moja ilishakufa. Sasa mlima wetu bila namba moja haupandiki. Ila dereva anajua kwamba rivasi nayo ina nguvu, pengine kuliko hiyo namba moja. Basi Kaduri anapanda mlima kinyumenyume. Kona zote, makorongo yote, shingo imegeuka nyuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unawapungia watu. Abiria wake wanafika wametazama walikotoka. Watoto wanamwita Baba Rivasi, naye anaitika.

Wa nne ni Nakijwa, muuguzi. Yeye alijaliwa kutoshtuka. Alipomaliza chuo, hospitali moja ya binafsi huko Arusha ilikuwa inahangaika kutafuta wauguzi, ikamwambia: njoo kwetu, na siku ya kusaini tunakupa shilingi milioni nne za kukukaribisha, juu ya mshahara. Mlimani tulicheka sana. Tulisema kumbe na wauguzi wanasajiliwa kama washambuliaji wa mpira, na tangu siku hiyo tukaziita hela ya usajili. Mkataba ulikuwa na sharti moja, na halikufichwa: ukiondoka kabla ya miaka miwili kwisha, unarudisha yote. Si nusu, si kwa hesabu ya miezi iliyobaki. Yote. Nakijwa alilisoma, akalielewa, akasaini. Hela ikaezeka nyumba ya mama yake kwa bati jipya na kumlipia mdogo wake karo, ikaisha kama zinavyoisha hela za heshima.

Hao ndio wanne. Sasa sikia kilichotokea.

Pasaka Nakijwa alikuja likizo. Ilikuwa masika, mvua haina adabu. Siku ya kurudi kazini ilipofika, udongo ulikuwa umeporomoka na kuifunika barabara pale Kona ya Jiwe. Nakijwa akavua viatu, akavuka tope kwa miguu, begi kichwani. Upande wa chini akamkuta mjomba wake Kaduri na pikapu, amekwama huko siku mbili akiuza utani kwa kubadilishana na chai. Akampakia kumpeleka kwenye lami apande basi. Kesho yake asubuhi alitakiwa wodini.

Huku juu, kwa Mbwambo, mkewe Edina alikuwa ameshikwa na uchungu. Mimba ya kwanza. Bibi Foibe akaitwa, akaingia, akaweka kiganja. Kisha akakiweka tena. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, na miguu ya mama imevimba, macho yanaona vimulimuli. Wakunga wengine wangesema tujaribu. Bibi Foibe alitoka nje, akawakuta wakwe, mashemeji, majirani, jumla ya watu ambao kesho wangelieneza neno lake hadi sokoni, akasema: "Hapa mikono yangu imefika mwisho. Mimi siwezi. Mrudisheni yule binti wa hospitali." Tangu siku hiyo kuna wanawake watatu wameshaacha kumwita. Hilo ndilo alilolitoa.

Neno likamfikia Eliamini akiwa analisha mbuzi. Simu ya Nakijwa ilikuwa haipatikani, na bonde lile mtandao unaliogopa. Eliamini akachukua pembe, akapanda kwenye jiwe. Ilikuwa mchana. Kamati ilikuwa haijakaa, na mwenyekiti alikuwa amekwenda kusaga. Akapuliza. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akanyamaza, akapuliza tena. Wanaume wakatoka na majembe wakidhani dunia imeisha, wakaambiwa kimbieni Kona ya Jiwe mkafukue njia. Baadaye kamati ilikutana, ikamsifu sana kwa moyo wake, na ikachukua mbuzi. Sheria ni sheria. Hilo ndilo alilolitoa.

Kule chini pikapu ya Kaduri haina kioo cha dirisha, kwa hiyo haifichwi kitu. Basi la Arusha lilikuwa limeshaonekana kwa mbali pembe ilipolia.

"Mjomba, umesikia?" Nakijwa aliuliza.

"Nimesikia. Ya mchana hiyo. Eliamini amelewa."

"Eliamini hanywi."

"Basi kuna mtu anakufa."

Basi likafika, likafungua mlango, konda akapiga bodi. Nakijwa akalitazama. Kisha akarudi kukaa kwenye pikapu. "Twende juu," akasema. Kaduri akakodoa macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akaingiza rivasi, akapanda. Pale Kona ya Jiwe wanaume walikuwa wamefukua upenyo wa kumtosha ng'ombe mnene, naye akapita, taa moja ikabaki kwenye jiwe. Walipofika kwa Mbwambo gia boksi ilikuwa inatoa moshi na harufu ya nywele zilizoungua. Haikuwaka tena. Hilo ndilo alilolitoa.

Nakijwa akanawa mikono, akaingia. Kilichofanyika ndani wanakijua yeye, Edina na Bibi Foibe, aliyeshika taa. Mtoto alikuja makalio kwanza, kama alivyokuja muuguzi wake, akalia. Wa kike. Amepewa jina la kanisani, lakini Mrindoni nzima inamwita Rivasi.

Kama Bibi Foibe asingesema, nani angeita? Kama Eliamini asingeita, nani angerudi? Kama Kaduri asingerudi nyuma, Nakijwa angekuwa anasinzia kwenye basi na Edina angekuwa ardhini.

Mbwambo alitoka nje akiwa amelowa machozi, akasema mbele ya watu wote: "Nina mtamba mmoja. Aliyemwokoa mke wangu, ni wake." Nakijwa akakataa papo hapo, kazi yake hairuhusu kupokea zawadi za wagonjwa, na tena alikuwa amechoka. Mtamba akabaki kwa wale watatu, na wewe unawajua watu wa mlima wetu. Tunasemwa kwamba tukigombania yai tunapelekana mahakamani mpaka kuku anazeeka.

"Wa kwangu," alisema Bibi Foibe siku ile. "Mimi ndiye niliyeanza. Bila neno langu nyie mngekuwa mnakula ugali wenu."

"Neno lako lilikuwa linaishia jikoni, Bibi," Eliamini akasema. "Mimi ndiye niliyelitoa nje. Aliyemzuia Nakijwa asiondoke ni pembe yangu."

"Pembe yako ina matairi?" Kaduri akauliza. "Aliyemzuia Nakijwa ni mimi. Nilimtoa mdomoni mwa basi, bwana! Konda ameshapiga bodi!"

Wakacheka, wakanywa, wakaahirisha. Kaduri akaenda Tunduma kutafuta gia boksi, akiwa na uhakika wa moyo kwamba wenzake watalegea.

Alipokuwa huko, mambo yakaenda. Edina alikuwa na presha, hakuweza kuachwa. Nakijwa akapata mtandao juu ya jiwe la Eliamini, akapiga simu hospitalini, wakampa siku tatu, na hizo zikapita. Wakati huo wajawazito wakaanza kupanga foleni kwenye baraza la mama yake, maana zahanati ya Mrindoni ina jengo, ina kitanda, ina bango, haina mtu. Nakijwa akaandika kuacha kazi. Wilayani wakafurahi, wakasema tutakuajiri hapohapo kijijini kwenu, lete tu barua ya kuachiliwa na mwajiri wako wa zamani.

Mwajiri akajibu kwa adabu. Hospitali ile nayo ina wagonjwa, nayo ilikaa na wodi isiyo na muuguzi, na haikumlazimisha mtu kusaini. Barua ya kuachiliwa itatolewa milioni nne zikirudi. Au, kama hana, awe kazini Jumanne asubuhi, amalizie miezi yake kumi, na mambo yote yasahauliwe. Jumanne ikipita, wanasheria.

Na siku Kaduri anaingia na kamba ilikuwa Jumapili.

Mama Kisaka akamsomea barua yote. Kisha akaikunja, akaiweka juu ya goti.

"Nakijwa hana hiyo hela. Mama yake hana, hela yenyewe ni hii inayotuzuia mvua." Akanyoosha kidole juu, na wote wakatazama bati, wakagundua wamejikinga chini ya deni. "Asipolipa, leo hii anashuka kwenye lami, apande basi la kesho alfajiri. Kuna wanawake watano hapa kitongojini wenye mimba, na mmoja ni binti yangu, sifichi. Sasa nauliza. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na watu watatu waliokuwa wanagombania sifa ya kumzuia huyu binti. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Aliyemzuia asiende kazini ndiye aliyemtia kwenye deni. Haya. Mtamba na deni vinakwenda pamoja. Nani alimzuia?"

"Mwenyekiti," Bibi Foibe akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya wiki mbili zilizopita, "mimi ni bibi wa jikoni. Nilisema siwezi, basi. Mtu aliyesema siwezi anadaiwa nini? Ningesema naweza, hapo sawa."

"Ulisema mrudisheni," Eliamini akamkumbusha.

"Nilisema. Kwani nilimfuata? Wewe ndiye uliyepasua masikio ya watu."

"Mimi? Pembe ni upepo tu, Bibi. Upepo unatoka huku, unaingia kule. Na mbuzi wangu mmeshamla, mifupa mmewapa mbwa. Mtu analipa mara ngapi kwa pumzi zake mwenyewe? Aliyemgeuza Nakijwa ni gari."

Macho yote yakaja kwa Kaduri. Kaduri akakohoa.

"Dereva ni mtumwa wa abiria," akasema. "Nimeendesha miaka ishirini na sita. Abiria akisema twende juu, ni juu. Akisema Lubumbashi, ni Lubumbashi. Mimi nilisema Eliamini amelewa. Nakijwa ni shahidi!"

"Siku ile ulisema ulimtoa mdomoni mwa basi," Mama Kisaka akasema.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisimama juu ya kinu ukasema."

"Mwenyekiti, siku ile tulikuwa tumekunywa."

Hapo kidogo watu wakacheka, na Kaduri akashukuru kimoyomoyo, maana kicheko ndiyo nchi pekee ambako hajawahi kuombwa pasipoti. Lakini alipomtazama mpwa wake, hakumwona akicheka. Nakijwa alikuwa anahangaika na begi. Zipu ilikuwa imekatika, kila akivuta upande huu, nguo zinatokea upande ule.

Eliamini akasema kile ambacho wengi walikuwa wanakifikiri. "Tusizunguke. Aliyesaini ni yeye. Mkataba ulikuwa wa Kiswahili safi, ameusoma. Basi lilifika, mlango ukafunguliwa, hakuna aliyemshika mguu. Na barua ya kuacha kazi nani aliandika, mimi?"

"Kwa hiyo ungependa angepanda?" Mbwambo akauliza. Alikuwa amekaa nyuma kabisa na mtoto mikononi, kwa sababu Edina alikuwa bado hajaruhusiwa kutembea.

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema amesaini."

Mbwambo akasimama na mtoto wake. "Mimi sikusaini kitu, lakini mke ni wangu. Niko tayari kumuuza mtamba, hela aende nayo Nakijwa. Shida ni mbili. Mtamba hafiki milioni moja na nusu, hata nikimpata mnunuzi mjinga. Na nilishamtoa kwa aliyemwokoa mke wangu, mbele yenu. Nikimuuza, nauza mali ya mtu. Niambieni ya nani, nikamwombe ruhusa."

Wale watatu wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuombwa ruhusa, maana anayeombwa ruhusa ya mtamba ameshalipokea na deni.

Kaduri akajaribu. "Tugawane sawa kwa sawa. Milioni nne, watu wanne. Mimi, Bibi, Eliamini, Mbwambo. Kila mtu milioni moja, tukale."

"Sawa kwa nani?" Bibi Foibe akamgeukia. "Mimi nimepoteza kazi ya maisha kwa neno moja. Wanawake wananipita njiani kama sina mikono. Hiyo milioni nitaizalisha wapi?"

"Na mimi mbuzi," Eliamini akasema.

"Na mimi gia boksi!" Kaduri akasema, na mara tu aliposema, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti. Humo mlikuwa na laki nane, hela aliyokwenda nayo Tunduma na kurudi nayo. Alizishika kupitia kitambaa. Akiziweka mezani, pikapu itakufa jumla, na ndilo gari pekee la upande huu linalopanda mlima, hata kama ni kwa makalio. Siku nyingine mjamzito akihitaji kushushwa hospitali, atashushwa na nini, na utani? Asipoziweka, muuguzi anaondoka, na gari zima litakuwa la kumpeleka mgonjwa kwa nani? Mkono ukabaki kotini, kama wa mtu anayejikuna.

Mama Nakijwa akaitoa khanga mdomoni, akasema: "Ezueni bati. Uzeni."

"Mama, nyamaza," Nakijwa akamwambia, si kwa ukali.

"Bati kuukuu na misumari itafika ngapi?" Mama Kisaka akauliza hewani, na mwenyewe akajijibu kwa kutikisa kichwa. "Na kitongoji? Sisi wengine wote tunaotibiwa bure? Nikisema kila nyumba itoe, nusu watasema hawakuugua. Nawajua. Pembe ya kuchimba mnaitikia, pembe ya kuchanga mnakuwa viziwi."

Kaduri akainama, akaivuta kamba kutoka chini ya benchi. Akaitupa katikati ya baraza, palepale alipokuwa amesimama na kujitangaza mshindi. "Kamba hiyo hapo," akasema. "Mimi nimejivua. Anayeona mtamba ni wake, aishike."

Kamba ikalala. Bibi Foibe akatazama mikono yake. Eliamini akatazama mvua. Mbwambo akamtazama mtoto.

Nakijwa ndiye aliyenyanyuka. Akaiokota ile kamba, akaipima kwa macho, akarudi kwenye ndoo yake. Akalizungushia begi mara moja, mara mbili, akakaza kwa goti, akafunga fundo lile la bandeji wanalofundishwa wauguzi, lisilofunguka lenyewe. Zipu ikanyamaza.

Kamba ya ng'ombe. Tunduma mpaka Mrindoni, mapajani.

Sasa wewe, hadithi iko kwako. Bibi Foibe alijua, Eliamini aliita, Kaduri alimrudisha, Nakijwa aliokoa. Kila mmoja alitoa chake: jina, mbuzi, gari, kazi. Mmoja akikosekana, Rivasi hayupo. Mtamba bado anakula majani kwa Mbwambo, na hana mwenyewe. Deni bado liko gotini pa mwenyekiti, nalo halina mwenyewe, isipokuwa jina lililo chini ya mkataba. Hospitali inadai chake. Wanawake watano wanahesabu miezi yao. Nani alipe milioni nne, na nani amfunge mtamba? Ni mtu mmoja, au ni wawili tofauti? Au muuguzi apande basi akatimize alichosaini, na Mrindoni irudi kwenye bango lake? Je, wewe ungeamua vipi?

Ukijibu, jibu upesi. Kaduri naye alijaribu kuomba muda. Alimfuata mpwa wake mpaka mlangoni, mkono bado uko kwenye koti, akamwambia kwa upole: "Nakijwa, mama, si ungengoja walau wiki moja? Tukae tena, tulijadili vizuri, tufikie muafaka."

Nakijwa akalinyanyua begi, akajaribu uzito wake.

"Mjomba," akasema, "mtoto wa Mbwambo alitanguliza makalio, na bado hakungoja kikao."